Ufukwe Hujengwa Kila Siku: Mhadhara juu ya Mandhari ya Unguja na Pemba

Mtu akiulizwa vivutio vya asili vya Zanzibar ni vipi, jibu huja kwa mfululizo unaojulikana: fukwe za Nungwi na Kendwa, upepo wa Paje, msitu wa Jozani, pomboo wa Kizimkazi, maji ya Mnemba na, kwa mwenye nafasi ya kuvuka, Misali na Ngezi kule Pemba. Orodha hiyo ni ya kweli na sina nia ya kuipunguza. Nina shaka na dhana inayofichwa ndani yake, kwamba vitu hivi vilikamilika zamani, kila kimoja kimekaa mahali pake kikisubiri barabara, hoteli na mgeni. Hoja ninayoitetea jioni hii ni kwamba mandhari ya visiwa hivi hayajakamilika na hayatakamilika. Yanatengenezwa kila siku na viumbe, maji, upepo na mikono ya watu, na kila sehemu inaitegemea nyingine. Tukikubali hivyo, swali letu kuu kuhusu utalii litabadilika. Badala ya kuuliza ni vivutio vingapi tunavyo, tutauliza ni nani na nini kinachovitengeneza, na kama tunamwachia mtengenezaji nafasi ya kuendelea na kazi yake.

Tuanze na mchanga, kwa kuwa ndio unaouzwa kuliko vyote. Mchanga mweupe wa pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Matemwe hadi Makunduchi, haukushushwa na mito. Unguja haina mto mkubwa upande huo, na vijito vyake vingi hudidimia ardhini kabla ya kufika baharini. Sehemu kubwa ya mchanga ule ni chokaa iliyotokana na viumbe hai: vipande vya matumbawe, maganda ya konokono na chaza, mabaki ya viumbe vidogo ambavyo jicho huviona kwa shida, na vigamba vya mwani wa kijani unaojijengea chokaa mwilini. Pono naye ana fungu lake. Huung'ata mwamba kwa meno yaliyoungana, akala mwani ulioota juu yake, kisha akatoa chokaa iliyosagwa. Pono mmoja mkubwa anaweza kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka. Mchanga huo ungepotea upesi kama usingezuiwa. Mwamba wa nje ndio unaovunja mawimbi ya bahari kuu, na majani ya bahari yaliyoota kati ya mwamba na ufukwe hupunguza kasi ya maji na kuushika mchanga kwa mizizi. Ufukwe basi ni hesabu ya mapato na matumizi. Mawimbi ya bamvua huchukua, viumbe hurudisha, na upana wa ufukwe tunaouona ni salio la siku hiyo. Hata wale wanaokuja Paje kuteleza juu ya maji kwa tiara wanaufuata mpangilio huo huo: upepo wa kusi na kaskazi unaovuma kwa utulivu, na maji ya kina kifupi yaliyotulizwa na mwamba ambao wengi wao hawataukanyaga.

Hoja hii haiishii kwenye mstari wa maji. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya Unguja ni uwanda wa mawe, na mawe hayo ni matumbawe ya kale yaliyoota wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo, kisha yakabaki nchi kavu maji yaliposhuka. Mkulima wa Jambiani au Makunduchi anayepanda mtama na kunde katika vishimo vya udongo kati ya mawe analima juu ya mwamba wa bahari uliokufa. Mji Mkongwe, uliotiwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, umejengwa kwa mawe hayo hayo na kushikizwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana nayo, kwa hiyo hata kivutio tunachokihesabu kuwa cha historia kimezaliwa na kazi ya viumbe vya baharini. Uwanda huu una tabia moja ambayo lazima tuikumbuke: mawe yake yana matundu. Mvua ya masika na ya vuli haikai juu, huzama moja kwa moja, na chini huelea juu ya maji ya chumvi kwa sababu maji baridi ni mepesi zaidi. Hiyo ndiyo akiba ya vijiji vya pwani. Ukiivuta kwa pampu kupita kiasi, chumvi hupanda kuja kuziba pengo. Na kinachomwagwa juu, kiwe maji machafu ya chooni au ya jikoni, hupita katika matundu hayo hayo hadi kisimani na baharini. Katika kisiwa cha namna hii huwezi kusema kwamba jambo hili ni la nchi kavu na lile ni la bahari.

Historia ya Unguja na Pemba inatupa ushahidi wa pili, nao unahusu kupotea. Mkondo unaoitenga Unguja na bara ni wa kina kidogo. Yapata miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipofunika sehemu kubwa ya kaskazini ya dunia, bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120, na Unguja ilikuwa kipande cha bara. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta, katika tabaka za zamani, mifupa ya wanyama wa mbuga kama punda milia na nyati, pamoja na dalili za watu waliowawinda. Bahari ilipopanda na kuikata ardhi, wanyama hao walitoweka kisiwani na hawakurudi. Waliobaki walikuwa wale walioweza kuishi katika msitu na vichaka: kima punju, ambaye asili yake ni Unguja pekee, paa nunga, ambaye leo ni adimu mno, na chui wa Unguja, ambaye wataalamu wengi wanaamini ametoweka katika kizazi chetu. Pemba ina simulizi tofauti. Mkondo wake hushuka mamia ya mita, na kwa hiyo kisiwa hicho kimekaa peke yake kwa muda mrefu zaidi. Upweke huo ndio uliozaa popo mkubwa wa Pemba na ndege wanne wasiopatikana mahali pengine: ninga wake, chozi wake, bundi wake mdogo, na kile kindege chenye duara jeupe kuzunguka jicho. Mpapindi, mnazi-mwitu wa Ngezi, nao ni wa huko. Funzo la mapango na mikondo ni moja. Bara likipoteza mnyama katika wilaya moja, wengine huja kutoka wilaya ya pili. Kisiwa hakina jirani wa kumkopesha.

Mikono ya watu nayo imo katika kazi hii, na ni makosa kuitaja asili kana kwamba visiwa vilikuwa vitupu hadi watalii walipofika. Vilima vya kijani vya Pemba vinavyompendeza mgeni ni mashamba ya mikarafuu iliyopandwa tangu karne ya 19. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba, ambayo haikuumia kwa kiasi hicho, ikawa ndiyo nyumba ya karafuu, na mandhari yake ya leo yana asili yake katika mwaka ule. Katika ghuba ya Chwaka, mikoko imebaki kwa sababu kuna watu walioilinda na kuipanda tena, si kwa sababu hakuna aliyehitaji boriti wala kuni. Kwenye fukwe za mashariki, safu za vijiti na kamba zinazoonekana maji yakitoka ni mashamba ya mwani yaliyoanza mwaka 1989 katika vijiji kama Paje na Jambiani, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mgeni hupiga picha ya mwanamke aliyeinama majini akidhani anatazama mandhari, kumbe anatazama ajira. Kisiwa cha Misali, ambacho wenyeji wanakihusisha na Nabii Hidhri kuwa alisali pale, kililindwa na heshima ya dini kabla ya kulindwa na sheria, na mafundisho ya Kiislamu juu ya uangalizi wa viumbe yalitumiwa waziwazi kuwashawishi wavuvi pale ambapo kanuni za serikali peke yake hazikutosha.

Sasa tuitie hoja katika hali ya leo. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000, ilhali sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi takriban milioni 1.9. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu pwani ya mashariki ulikadiria kwamba mgeni mmoja alitumia wastani wa lita 685 za maji kwa siku, mara nyingi zaidi ya mwanakijiji wa jirani, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye bustani na mabwawa ya kuogelea. Maji hayo yanatoka katika akiba ile ile inayoelea juu ya chumvi. Hoteli inayojenga ukuta wa zege karibu mno na bahari inaokoa bustani yake kwa muda, lakini wimbi linalogonga ukuta hurudi na nguvu, likachimba mchanga wa mbele na kuuhamishia mmomonyoko kwa jirani. Hoteli inayong'oa majani ya bahari ili mgeni akanyage mchanga mtupu inang'oa kile kinachoushika mchanga. Maji machafu yasiyosafishwa yanayopenya katika mawe huulisha mwani unaoyafunika matumbawe. Hakuna hata moja kati ya mambo haya linalofanywa kwa chuki dhidi ya bahari. Yote yanatokana na dhana ile niliyoitaja mwanzo, kwamba ufukwe ni kitu kilichokwisha tengenezwa na kilichobaki ni kukipamba.

Nimesikia jibu la kwanza likitolewa mara nyingi, tena na watu wenye nia njema. Wanasema nchi maskini haina anasa ya kuhesabu pono. Utalii unachangia zaidi ya robo ya pato la visiwa, unaajiri vijana, unaleta fedha za kigeni ambazo karafuu haiziwezi tena. Hayo ni kweli, na mtu anayeyapuuza hastahili kusikilizwa. Lakini hoja hiyo, ikifuatwa hadi mwisho wake, inaniunga mkono. Kama robo ya pato letu inakaa juu ya mchanga, mwamba na maji baridi, basi hivyo ndivyo mtaji, na mfanyabiashara hahesabu mtaji anaoula kuwa faida. Mgeni hafuati kitanda. Vitanda viko kila mahali duniani. Anafuata maji yanayoonekana hadi chini, samaki wa rangi, na ufukwe mpana maji yakitoka. Vikichakaa, ataenda kwingine, kwa kuwa yeye ana tiketi ya kurudi kwao. Mwanakijiji atabaki na kisima chenye chumvi. Kwa hiyo anayedai ulinzi wa mwamba hadai tuchague kati ya ajira na samaki. Anadai ajira ya mwaka huu isile ajira ya miaka ishirini ijayo.

Jibu la pili ni zito zaidi, nalo linahusu joto la dunia. Mwaka 1998 joto la bahari lililoambatana na El Niño liliyapausha na kuyaua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi ya magharibi, Zanzibar ikiwemo, na mpauko umerudi tena miaka ya karibuni. Wakulima wa mwani nao wameona aina yenye bei nzuri ikishindwa kuota katika maji ya kina kifupi yaliyopata joto. Mtu anaweza kuuliza: ikiwa moshi unatoka kwenye viwanda vya mbali, kamati ya shehia itafanya nini? Nakiri kwamba kamati ya shehia haiwezi kulipoza joto la bahari. Lakini lazima tutofautishe kuumia na kupona. Matumbawe yakifa, mwamba mtupu huvamiwa na mwani, na chipukizi la tumbawe huhitaji sehemu safi ya kushika. Wanaosafisha sehemu hiyo ni pono na samaki wengine wala mwani, na kinachoulisha mwani huo ni maji machafu kutoka nchi kavu. Mambo yote mawili, uvuvi wa pono na maji machafu, yamo mikononi mwetu. Mgonjwa ambaye hatuwezi kumwondolea homa tunaweza walau kutomnyima chakula na maji safi. Ukweli kwamba hatari kubwa inatoka mbali unaongeza uzito wa yale madogo tunayoyamudu, kwa sababu hatuna mengine.

Jibu la tatu linatoka kwa wavuvi na wakulima wenyewe, na ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Wanasema uhifadhi umekuwa jina zuri la kunyang'anya: mvuvi anakatazwa mwamba wa babu yake ili mzungu aupigie mbizi, mkulima anavumilia kima shambani ili mgeni ampige picha. Malalamiko hayo yana msingi popote ambapo mpaka uliwekwa bila kuwauliza watu na fedha zikaishia mjini. Lakini tazameni ilivyokuwa pale ambapo mambo yalifanywa kwa haki. Wakulima wa kandokando ya Jozani waliamini kima punju anaangamiza nazi zao. Watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walilipima jambo hilo na, katika makala ya mwaka 1999, walionyesha kwamba vidaka vinavyoliwa na kima havipunguzi mavuno ya mwisho, kwa kuwa mnazi huangusha wenyewe vidaka vingi. Hasara katika mazao mengine ilikuwepo, na sehemu ya kiingilio cha msitu ilielekezwa kwa vijiji na wakulima. Jozani na ghuba ya Chwaka zikawa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na hesabu iliyofanywa baadaye ilikadiria kima punju zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa. Popo wa Pemba, aliyekuwa akiwindwa kwa bunduki hadi akahofiwa kutoweka, aliongezeka hadi kufikia maelfu mengi baada ya vijiji kuamua kulinda miti anamolala, na Kidike ni mfano unaojulikana. Kule Kisiwa Panza wavuvi wenyewe hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache ili pweza, anayekua haraka mno, apate uzito, kisha huifungua kwa siku waliyokubaliana. Na Chumbe, iliyotangazwa hifadhi mwaka 1994, iliwachukua wavuvi kuwa walinzi wa mwamba, ikajenga nyumba zinazokinga maji ya mvua na vyoo visivyotumia maji, na hutumia mapato ya wageni wachache kulipia ulinzi na kuwaleta wanafunzi kujifunza. Mifano hii inatofautiana kwa ukubwa, na Chumbe peke yake haiwezi kuajiri kisiwa kizima. Inafanana katika jambo moja: anayeishi na mwamba au msitu ana sauti katika kanuni na fungu katika mapato. Mahali ambapo hakuna kanuni za namna hiyo tunaona matokeo kinyume. Kizimkazi, pomboo waliokuwa wakivuliwa kwa ajili ya chambo wakawa chanzo cha riziki tangu miaka ya 1990, na hilo ni jambo jema. Lakini tafiti zimeonyesha kwamba boti nyingi zinazowafuata kwa pamoja huwakatiza mapumziko yao na kuwasumbua wenye watoto. Nahodha mmoja hawezi kujizuia peke yake, kwa kuwa akirudi nyuma mwenzake atamtangulia na mgeni atalalamika. Hapo panahitajika kanuni ya wote, iliyotungwa na manahodha na kusimamiwa nao.

Ikiwa hoja hii imesimama, yanayofuata ni mambo ya kutenda. Maji ya kila hoteli yapimwe na yalipiwe kwa bei inayopanda kadiri matumizi yanavyopanda, na anayekinga mvua apunguziwe. Hoteli mpya isipate kibali bila mtambo wa kusafisha maji machafu unaokaguliwa, kwa sababu mawe yetu hayazuii kitu. Majengo ya kudumu yarudi nyuma ya mstari unaofikiwa na bamvua kubwa, na ukuta wa bahari uhesabiwe kuwa madhara kwa jirani mpaka mjenzi athibitishe vinginevyo. Fungu la ada wanazolipa wageni litengwe kisheria kwa ajili ya mwamba, misitu na visima, na hesabu zake zibandikwe katika kila shehia inayohusika, watu wazisome. Wakulima wa mwani watambuliwe kuwa na haki katika maji wanayolima, ili hoteli isiwaondoe kwa kisingizio kwamba vijiti vyao vinaharibu sura ya ufukwe. Kamati za wavuvi zipewe nguvu ya kufunga na kufungua maeneo yao, pamoja na boti na mafuta ya kuyalinda, maana kanuni isiyo na doria ni karatasi.

Na kuna Pemba. Pwani ya Pemba haijajengwa kwa wingi kama ya Unguja, na sasa inazungumzwa kuwa zamu yake imefika. Wapemba wana haki ya barabara, ajira na wageni, na hakuna mtu wa Unguja wala wa mbali anayestahili kuwaambia wabaki walivyo ili wengine wapendezwe. Lakini wana faida ambayo Unguja haikuipata: wanaweza kuchagua wakiwa na ushahidi mkononi. Mpango wa Pemba uanze na ramani ya miamba, mikoko, chemchemi, miti ya popo na maeneo ya pweza, ikichorwa pamoja na watu wa shehia wanaovijua kwa majina. Baada ya hapo ndipo ifuate ramani ya hoteli, ikijazwa katika nafasi zilizobaki. Mpangilio huo ukigeuzwa, hoteli zikatangulia na mwamba ukafuata, tutakuwa tumewauzia wageni kazi ya viumbe na ya watu huku tukiwazuia watengenezaji hao kuifanya, na biashara ya namna hiyo haina wa kuirithi.